Kuifuata Reale ya Sham: Kutoka Kutná Hora hadi Vienna

Jumanne, Kutná Hora

Treni ya kutoka Praha inachukua kama saa moja. Nimeanzia hapa kwa makusudi. Reale ya Sham, sarafu ya fedha iliyokuwa ikihesabiwa forodhani Unguja, yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, ilipigwa chapa na watawala wa Austria, lakini mtindo wa mtawala kuishika migodi ya fedha mkononi na kuigeuza sarafu moja inayoaminika mbali na kwake ulikomaa katika mji huu wa Bohemia, Ucheki ya leo, miaka karibu mia tano kabla ya mwanamke huyo kuzaliwa… nimepiga hesabu tena kwenye treni: ni zaidi kidogo ya mia nne. Sarafu ya hapa ni ya mwaka 1300, na Maria Theresia, malkia wa Austria mwenye sura hiyo, alizaliwa 1717.

Mfalme Václav wa Pili alifanya mambo mawili kwa pamoja. Alitoa sheria ya migodi, Ius regale montanorum, iliyoamua nani ana haki gani juu ya mwamba na kwamba fedha ghafi haiuzwi ila kwa mfalme. Halafu akaleta mafundi kutoka Florence, akazifunga karakana za sarafu zilizotawanyika ufalmeni mwake na kuzikusanya ndani ya boma moja. Boma hilo bado lipo na bado linaitwa Vlašský dvůr, yaani Ua wa Waitaliano. Kuzunguka ua wenyewe kuna vyumba vya wapigaji. Kila kimoja mlango wake, giza lake, kigogo chake cha kupigia.

Mwongoza wageni alituonyesha kazi ilivyokwenda. Muhuri wa chini umekitwa kwenye kigogo, kipande cha fedha kinawekwa juu yake, muhuri wa pili unashikwa kwa mkono wa kushoto na nyundo inashuka kwa wa kulia. Pigo moja, sarafu moja. Alisema wengi wao walizeeka viziwi, nami sikuona sababu ya kubisha, maana pigo lile moja tu lilinibaki masikioni mpaka nikatoka nje.

Sarafu waliyoitoa ni groshi ya Praha. Ina gramu 3.7 hivi na fedha nzuri sana. Upande mmoja una taji, limezungukwa na mistari miwili ya maandishi yenye jina la mfalme. Upande wa pili simba wa Bohemia mwenye mkia wa panda mbili. Hakuna uso. Václav alitosheka na taji, na groshi yake ikapokelewa Ujerumani, Poland na Hungaria kwa watu ambao kamwe hawakuwa raia wake.

Mchana nilishuka mgodini. Wageni huvalishwa koti jeupe kama la wachimbaji wa zamani, kofia ngumu na taa. Kuna mahali njia ni nyembamba kiasi kwamba bega linakwaruza mwamba pande zote mbili, na dari inakulazimisha utembee umeinama. Hii ni sehemu ya juu tu. Mgodi mmoja wa hapa, unaoitwa Punda, ulishuka zaidi ya mita 500 katika zama ambazo kila ndoo ya maji na kila kipande cha jiwe vilipandishwa kwa kamba, mikono na farasi.

Wachimbaji hao walijijengea kanisa. Kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wao, lilianza mwaka 1388 na linashindana na makanisa ya wafalme. Nilikaa ndani muda mrefu, kwa sababu kwenye kuta zake hawakuchora wafalme peke yao. Wamechorwa pia watu wa kazi: wapigaji wa sarafu wameketi na nyundo zao, na pembeni imesimama sanamu ya mchimbaji aliyevaa lile koti jeupe. Ulaya yote imejaa sura za waliotoa sarafu. Sura za waliozitengeneza ni adimu, na ningependa kila mpenzi wa sarafu apite hapa kabla hajafungua sanduku lake la makusanyo.

Usiku, Praha

Groshi haikubaki ilivyokuwa. Jan wa Luxembourg, mfalme aliyependa vita kuliko kukaa nyumbani na akafia Crécy mwaka 1346, alipunguza fedha ndani yake. Waliomfuata wakaendelea. Taji na simba walibaki pale pale huku shaba ikiongezeka, na ilipokomeshwa mwaka 1547 ilikuwa jina tu la ile ya Václav.

Lakini aibu kubwa zaidi ilikuja baadaye, na ina jumba lake. Nililipita jioni, jumba la Wallenstein chini ya ngome ya Praha, ambalo leo ni Seneti. Mwaka 1622 Kaisari Ferdinand wa Pili, akiwa na vita na bila pesa, aliikodisha kazi ya kupiga sarafu za Bohemia, Moravia na Austria ya Chini kwa kikundi cha wakubwa. Walikuwamo gavana Karl von Liechtenstein, Albrecht von Wallenstein, na watu wa fedha Hans de Witte na Jakob Bassevi. Walinunua fedha, wakaichanganya na shaba, wakatoa sarafu nyingi mno kwa jina na sura ya Kaisari. Mali za Waprotestanti walioshindwa zilinunuliwa kwa sarafu hizo hizo. Mwishoni mwa 1623 serikali ilizishusha thamani karibu asilimia 90 kwa siku moja. Mwenye akiba ya mahari au mazishi akaamka na konzi ya shaba. Wallenstein alianza kujenga jumba lake mwaka huo huo.

Jumatano, Jáchymov

Basi kutoka Karlovy Vary linapanda mlima kwa bonde jembamba lenye misonobari. Mji una barabara moja kuu, na watu wasiofika 3,000. Miaka ya 1530 walikuwa kama 18,000, na Praha peke yake ndiyo iliyouzidi katika Bohemia nzima.

Fedha ilionekana hapa mwaka 1516. Bonde lilikuwa la mabwana wa ukoo wa Schlick, na mkubwa wao, Stephan, hakupoteza muda. Sarafu kubwa za fedha zilianza kutoka mwaka 1519 au karibu yake, na Januari 1520 bunge la Bohemia likamhalalishia kazi aliyokwisha kuianza. Upande mmoja amesimama Mtakatifu Joachim, babu yake Yesu upande wa mama, ambaye bonde linaitwa kwa jina lake. Upande wa pili simba na jina la mfalme kijana Ludvík. Wajerumani waliliita bonde Joachimsthal, sarafu ikaitwa ya Joachimsthal, kisha ikafupishwa kuwa thala. Dola ya Marekani imetoka humo.

Nimeitazama katika makumbusho, yaliyo ndani ya karakana ya kifalme. Ukubwa wake unashangaza baada ya kushinda jana na groshi. Ni pana, nzito, gramu 29 hivi, sarafu ambayo mkono unaijua bila jicho kuisoma. Kabla yake, malipo makubwa ya Ulaya yalitaka dhahabu. Migodi ya milimani ilipoanza kutapika fedha, mabwana walihitaji kipande cha fedha kilicholingana na sarafu ya dhahabu, na Jáchymov ilikuwa ya kwanza kuvitoa kwa wingi wa kulisha masoko.

Stephan Schlick hakukifaidi sana. Mwaka 1526 alikwenda na mfalme wake Mohács, Hungaria, kupigana na jeshi la Sultan Suleiman, na hakurudi. Mfalme Ludvík naye alikufa siku hiyo, na taji la Bohemia likaangukia Ferdinand wa Kwanza wa Habsburg. Mwaka 1528 Ferdinand aliwanyang'anya Schlick haki ya kupiga sarafu. Na jengo nililosimama ndani yake likajengwa kwa ajili ya mfalme mpya. Hapo ndipo thala ya bonde hili ilipoingia mikononi mwa ukoo wa Maria Theresia, na haikutoka tena.

Mwaka 1527 alifika hapa daktari kijana aitwaye Georgius Agricola. Alitibu wachimbaji na kuangalia kwa makini jinsi walivyopasua mwamba, walivyopampu maji, walivyoyeyusha. Kitabu chake cha madini, De re metallica, kilitoka 1556, baada ya kifo chake, na kilibaki mwongozo wa migodi kwa karne mbili. Lile jiwe jeusi lililowaudhi wachimbaji kwa sababu halikuwa na fedha, lina habari yake pia: humo ndimo Marie na Pierre Curie walimopata elementi ya radiumu mwaka 1898. Baada ya vita vya pili vya dunia bonde likazungushiwa nyaya, na wafungwa wa kisiasa wakachimba urani kwa ajili ya Umoja wa Kisovieti. Juu ya mji kuna njia ya miguu inayopita kwenye kambi zao. Nilitembea sehemu yake mpaka mvua ikanirudisha. Ni bonde ambalo kila dola iliyolitaka ilichukua kilichomo na kuwaachia wenyeji mashimo.

Alhamisi, njiani

Cheb, Nürnberg, Augsburg. Treni tatu, siku nzima.

Ami alinipokea stesheni. Amefanya usonara tangu utotoni, kwanza dukani kwa baba yake Unguja, baadaye Maskat. Sasa anakaa Augsburg kwa binti yake. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hatujafika kwenye tramu alikwishauliza kama nimebeba reale. Nimeibeba. Ni yake hata hivyo, alinipa miaka mingi nyuma: reale ya Sham yenye tundu juu ya kichwa cha malkia, iliyowahi kuvaliwa shingoni. Baba yake aliinunua kwa mabaharia Washihiri waliokuja na majahazi wakati wa kaskazi.

Kabla ya chakula alinipeleka Fuggerei, mtaa wa nyumba za maskini ulioasisiwa na tajiri Jakob Fugger mwaka 1521. Watu bado wanaishi humo kwa kodi ya senti 88 za yuro kwa mwaka na sala tatu kwa siku. Ami anaupenda mtaa huu na mimi pia nimeupenda. Ila pesa za Fugger ni sehemu ya safari yetu. Mwaka 1488 familia yake ilimkopesha Archduke Sigmund wa Tirol gulden 150,000, na mkopo ukalipwa kwa fedha ya migodi ya Schwaz. Mwaka 1519 Karl wa Tano alichaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani kwa gharama ya gulden zipatazo 850,000, na zaidi ya nusu ziliwekwa mezani na Jakob Fugger. Kwenye sarafu hukuti jina lake.

Ijumaa, Günzburg

Tulitoka alfajiri ili Ami awahi kurudi Augsburg kwa sala ya Ijumaa. Behewa lilijaa watoto wanaokwenda Legoland, ambayo iko nje ya mji huu. Sisi tulishuka tukaenda upande wa pili, mjini.

Günzburg ni mji mdogo juu ya Danube, leo ni Bavaria. Zama za Maria Theresia ulikuwa sehemu ya maeneo ya Austria yaliyotapakaa magharibi, na katika miaka ya 1760 alijenga hapa karakana ya sarafu. Mwaka 1770 binti yake Marie Antoinette, wa miaka 14, alilala hapa akiwa njiani kwenda kuolewa Ufaransa. Kuna kanisa zuri sana la Dominikus Zimmermann, jeupe na dhahabu. Lakini tulikuja kwa herufi mbili.

Tuliketi kwenye benchi, nikamtolea Ami reale. Chini ya kifua cha malkia zimo S na F: Tobias Schöbl na Joseph Faby, maofisa wa karakana ya Günzburg. Na kwenye mgongo wa sarafu, katika ngao iliyobebwa na tai wa vichwa viwili, robo moja ina alama ya Burgau, wilaya ya mji huu.

Mwaka 1780 malkia alikufa, tarehe 29 Novemba. Kwa kawaida sarafu ya mtawala aliyekufa inakoma, na mihuri inachongwa upya kwa sura ya mrithi. Lakini wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka thala Levant, yaani Sham, na Bahari ya Shamu kununulia kahawa walijua wanunuzi wao wanaitaka ipi. Benki moja ya Augsburg ilileta fedha Günzburg na kuomba ipigwe ile ile, mwaka ule ule, sura ile ile. Ikapigwa. Vienna nayo ikapiga, Praha ikapiga, Milano na Venezia zikapiga, zote zikiwa na mwaka 1780 na herufi za mafundi wawili wa mji huu.

Ami aliichukua, akaipitisha kidole gumba ukingoni polepole. Ukingo wa thala hii hauna meno; una maneno ya Kilatini, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma, kaulimbiu ya malkia.

"Wazee walikuwa hawasomi haya," alisema. "Wakipapasa tu. Ukikuta ukingo umelainika kote, jua kuna mtu kaukata kuiba fedha. Halafu wakitazama bruchi hii ya begani, wakahesabu lulu."

"Lulu ngapi, Ami?"

"Hesabu mwenyewe, macho yangu yamekwisha."

Nilihesabu tisa.

Akanieleza kazi yenyewe. Mwanamke akitaka furungu za harusi analeta reale zake kwa sonara. Sonara anazipima mbele yake, anaziyeyusha, anazisubu, anafua. Fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000, iliyobaki ni shaba, na mchanganyiko huo unafaa moja kwa moja kwa pambo la kuvaa kila siku. Fedha tupu ni laini mno. Hakuna aliyehitaji kuuliza fedha hii ni ya kiwango gani. Na mizani za pwani zilikuwa zimekwisha kuikubali: wakia moja ilikuwa uzito wa reale moja. Wakia 16 ratli, ratli 36 frasila. Nilipiga hesabu kwenye daftari: gramu 28.07 mara 16 ni kama 449, na mara 36 ni kilo 16 na kidogo, ndiyo frasila ya karafuu na ya pembe za ndovu. Kwa hiyo mtu wa Unguja alipopima karafuu zake, alikuwa akizipima kwa thala za Habsburg, ajue asijue.

Pwani haikuwa na reale moja tu. Kulikuwa na reale ya mzinga, ya Uhispania, ambayo nguzo zake mbili za Hercules zilionekana kama mizinga. Kulikuwa na reale ya Kifaransa. Ami anasema baba yake aliyeyusha zote, na aliyoiamini bila kuipima mara mbili ilikuwa ya Sham.

Tuliwahi sala.

Jumamosi, Schwaz na Hall

Tulivuka mpaka wa Austria kupitia Kufstein, milima ikiwa na theluji ya kwanza juu.

Schwaz ndiko fedha ya Fugger ilikotoka. Gari moshi dogo la manjano linakuingiza mlimani karibu mita 800, baridi ikikupiga usoni, kisha unatembea. Ami alibaki nje akanywa chai, magoti hayamruhusu. Fedha ya hapa ilikuwa imefungamana na shaba, na kuzitenganisha kulitaka risasi: madini yanayeyushwa pamoja na risasi, fedha inaiacha shaba na kuifuata risasi, kisha risasi inaondolewa kwa moto. Nilipotoka nikamweleza Ami, naye akasema hatua ile ya mwisho hata wao waliifanya, kwa udogo wake, dukani.

Hall iko dakika chache kwa treni. Hapa ndipo ilipoanza thala yenyewe, hata kabla ya Jáchymov. Archduke Sigmund wa Tirol alihamishia hapa karakana ya sarafu mwaka 1477 kutoka Meran, ili iwe karibu na Schwaz, na mwaka 1486 akatoa sarafu kubwa ya fedha yenye gramu karibu 32, iliyolingana na gulden moja ya dhahabu. Upande mmoja amesimama yeye mwenyewe ndani ya dirii, fimbo ya enzi mkononi. Upande wa pili farasi anakwenda mbio na mpanda wake, wamezungukwa na ngao. Ni sarafu nzuri kuliko zote nilizoziona safari hii. Walimwita Sigmund Tajiri wa Sarafu, na mwaka 1490 madeni yalimlazimisha kumwachia nchi jamaa yake Maximilian. Alitengeneza sarafu nzito za fedha na hakuweza kukaa nazo.

Karakana ya baadaye imo katika boma la Hasegg, chini ya mnara. Kilichotuweka hapo ni mashine ya kuviringisha, iliyoundwa upya kwa mfano wa zile za karne ya 16. Hall ilianza kuitumia mwaka 1571. Gurudumu la maji linazungusha silinda mbili za chuma zilizochongwa mihuri mingi, bamba la fedha linapita katikati, na linatoka upande wa pili likiwa na safu ya sarafu zikingoja kukatwa. Baada ya mpigaji wa Kutná Hora na nyundo yake, niliiona tofauti: hapa hakuna pigo la mkono uliochoka, sarafu zote zinatoka sawa. Ami aliishika ile chuma na kuisifu kwa muda. Kwa mtu aliyefua fedha maisha yake yote, usawa ule si jambo dogo.

Mashine hizi ndizo zilizotoa thala za Kaisari Leopold wa Kwanza, na wachongaji wake hawakumficha: mdomo wa chini umetokeza, taya la Habsburg liko wazi kama alivyokuwa. Ninawaheshimu kwa hilo, na yeye pia kwa kuwaacha.

Jumapili, Vienna

Siku ya treni, ila tulifika mapema tukapata muda wa Kapuzinergruft, makaburi ya Habsburg chini ya kanisa la Wakapuchini.

Maria Theresia aliurithi ufalme mwaka 1740 akiwa na miaka 23. Baba yake alikuwa ametumia miaka kukusanya saini za wafalme wa Ulaya kwamba watamkubali binti, na kabla mwaka haujaisha Friedrich wa Pili wa Prussia akaivamia Silesia. Alipigana miaka minane, na katika maisha yake akazaa watoto 16. Jeneza lake, kazi ya Balthasar Moll, ni kubwa kama chumba: malkia na mumewe Franz wameinuka juu yake wakitazamana, kama walioamshwa na malaika wa baragumu aliye nyuma yao. Mbele yao limelala jeneza la mwanawe Joseph wa Pili, shaba tupu bila pambo.

Ushungi ulioko kwenye sarafu ni wa ujane. Franz alifariki 1765, na malkia hakuuvua. Ami alisimama hapo muda, akasoma Fatiha kimyakimya kwa wafu wake mwenyewe, kisha akaniambia, "Wanawake wa kwetu walimpenda kwa huo ushungi. Walimwona mtu mzima mwenye heshima."

Nadhani kuna sababu nyingine, na ndiyo niliyoifuata tangu Kutná Hora. Mwaka 1753 alikubaliana na Bavaria kwamba marki moja ya Köln, kipimo cha uzito, ya fedha safi itatoa thala 10, si zaidi. Miaka mitatu baadaye Friedrich aliingia Saxony, akaikamata karakana ya Leipzig, akaitumia mihuri ya mtawala wa huko kupiga sarafu zilizojaa shaba, kulipia vita vyake. Vita hivyo vilimwelemea malkia pia, hata Vienna ikatoa noti zake za kwanza mwaka 1762. Thala haikuguswa. Friedrich alishinda vita na akabaki na Silesia. Sarafu zake hakuna aliyeziomba Mocha, bandari ya kahawa ya Yemen.

Jumatatu, Vienna

Asubuhi tulikwenda Am Heumarkt, kwenye karakana ya sarafu ya Austria, jengo la miaka ya 1830. Wanaipiga mpaka leo. Nilinunua moja: inang'aa, 1780, S.F., lulu tisa. Ami alitoa mizani yake ndogo ya usonara na kuiweka juu ya kaunta bila kuomba ruhusa. Gramu 28.07. Muuzaji alitazama kwa hamu, hakukasirika.

Zimepigwa zaidi ya milioni 300 tangu malkia afariki, na historia yake ya baadaye ni ya watawala waliotaka kuichukua nafasi yake wakashindwa. Italia ilipotawala Eritrea ilitoa tallero yenye sura ya Mfalme Umberto, watu waliikataa. Mwaka 1918 ikatoa nyingine yenye mwanamke aliyefanana na malkia. Nayo ikakataliwa, maana hakuwa yeye. Menelik wa Pili wa Ethiopia alitoa ya kwake mwaka 1894, nzuri, na hata raia wake waliendelea kuishika ya malkia. Kwetu Sayyid Barghash alipiga riale zake za fedha mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, na zilibaki chache. Rupia za India zilikuwa zimekwisha kuingia. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia Ethiopia, aliichukua mihuri kutoka Austria kwa miaka 25. Waingereza na wengine waliokuwa na biashara Bahari ya Shamu hawakukubali kuinunua kwake, wakaanza kuipiga wenyewe: London, Paris, Brussels, baadaye Bombay na Birmingham.

Mchana tuliingia kwa muuza sarafu mmoja, mzee wa umri wa Ami. Nikampa reale yetu yenye tundu. Aliitazama kwa kioo muda mrefu: bruchi, manyoya ya mkia wa tai, umbo la herufi, ukingo. Akauliza imetoka wapi. Nikamwambia, Zanzibar, na kabla yake Hadhramaut. Akatikisa kichwa kukubali, akasema hii ni ya Bombay, 1940 au 1941.

Nilimtafsiria Ami. Hakushangaa. Wakati wa vita, alisema, majahazi yalileta nyingi mpya, na baba yake alikuwa akizipima kama zile kuukuu na kuzikuta sawa. Akamwomba muuzaji aiweke kwenye mizani yake. Gramu 27.5. Ami akaikagua ile namba, akaonyesha tundu kwa ncha ya kalamu, kisha mahali shingo ya malkia ilipolika kwa kuvaliwa, akijumlisha kwa vidole kilichopotea hapa na pale mpaka hesabu ikatimia.

Muuzaji alitaja bei. Ami akamjibu kwa Kijerumani chake kwamba haiuzwi, ila angependa kujua kama ana furungu za Kiomani, azione zilivyofuliwa.